Madonge ya povu la kuogea: kwa nini yanavimba, na kwa nini povu halitoki

Swali kutoka Nkuhungu, Dodoma: "Shikamoo mtaalamu. Ninatengeneza sabuni ya maji na ya mche nyumbani. Mwenye nyumba moja ya wageni ameniomba nimtengenezee yale madonge makavu ya povu yanayochotwa kwa kijiko cha aiskrimu, ambayo mgeni huyavunja chini ya bomba na hodhi la kuogea likajaa povu. Nilichanganya beking soda, ndimu ya unga, konfulawa, slesi, mafuta ya alizeti na manukato. Usiku yalivimba na kupasuka, na yaliyosalia hayakutoa povu la maana. Krimu ya tatari inayotajwa katika maelekezo sijaipata madukani. Je, ninaweza kutumia unga wa ubuyu au magadi badala yake? Na je, ni maji yetu ya chumvi yanayoua povu?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa watu wengi wa Dodoma huyatupia maji lawama kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Maji yana sehemu yao, na nitayarudia, lakini kwa mahitaji uliyoyataja, hata kama mgeni angeogea maji ya mvua madonge yale yasingempa povu la kumridhisha. Kosa limo katika mchanganyiko wenyewe: umechukua mahitaji ya bidhaa mbili tofauti ukayaweka katika bakuli moja, kisha ukayafunga kwa slesi, kemikali ya povu ya bidhaa ya tatu, ambayo ni sabuni ya maji.

Bidhaa ya kwanza ni vile vibomu vya kuogea vinavyochemka vikitumbukizwa majini, ambavyo vilibuniwa mwaka 1989 na Mo Constantine wa Uingereza, mmoja wa watu walioanzisha kampuni ya Lush. Kibomu hutegemea ndimu ya unga, yaani asidi ya sitriki, kukutana na beking soda ndani ya maji na kutoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Viputo vyake hupanda juu, hupasuka na kwisha. Kibomu hakiachi povu juu ya maji, wala hakikukusudiwa kuliacha. Donge la povu ni kitu kingine. Hilo ni unga mkavu, sehemu kubwa yake ikiwa beking soda, uliochanganywa na kemikali ya kutoa povu ambayo nayo ni unga, na wote ukafungwa kwa kimiminika kidogo mno. Beking soda ndani yake haitoi povu; kazi yake ni kulijaza donge na kulifanya limomonyoke upesi linapopigwa na maji ya bomba. Povu lote hutoka kwenye kemikali moja au mbili, na zikiwa chache au dhaifu hakuna kiungo kingine kitakachozifichia aibu.

Sasa tazama kilichotokea usiku ule. Slesi inayouzwa kwa kilo katika maduka ya malighafi za sabuni ni ute mzito ambao, hata ukiwa katika hali yake nzito kabisa, karibu asilimia 30 yake ni maji, na ile ambayo muuzaji amekwisha kuizimua huwa na maji mengi zaidi. Maji hayo yaliyeyusha ndimu ya unga, ndimu ikaingia kazini na beking soda, na gesi ikaanza kutoka ndani ya donge ambalo halijakauka. Ubaya wa kazi hiyo ni kwamba yenyewe huzaa maji mapya, na maji hayo huyeyusha ndimu nyingine, kwa hiyo ikishaanza haisimami mpaka moja kati ya vitu hivyo viwili iishe. Gramu 10 tu za ndimu ya unga zikimaliza kazi yake hutoa gesi inayozidi lita 3 na maji yanayokaribia gramu 3. Hakuna donge la ukubwa wa ngumi linaloweza kubeba gesi hiyo bila kuvimba na kupasuka. Zaidi ya hapo, asubuhi yake ulibaki na kitu chenye beking soda pungufu, ndimu iliyokwisha nguvu, wanga, mafuta na slesi kidogo. Povu lingetoka wapi?

Kwa hiyo badiliko la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote nitakayoyaeleza, ni kuiacha slesi ibaki kwenye sabuni yako ya maji na kutafuta kemikali ya povu iliyo kavu. Inayofaa zaidi huitwa sodiamu laurili salfoasetati, na wauzaji huifupisha kwa herufi SLSA. Ni unga mweupe mwepisi sana, chanzo chake ni mafuta ya nazi au ya mawese, povu lake ni jingi na zito, huvumilia vizuri maji magumu, yaani yenye madini mengi ya ardhini, na ni mpole kwa ngozi kuliko nduguye ambaye nitamtaja sasa hivi. Katika maduka ya kawaida ya malighafi za sabuni si rahisi kuikuta. Ulizia kwa wanaoagiza malighafi za vipodozi Dar es Salaam, na utaje jina lake lote, kwa sababu ukisema herufi nne tu unaweza kupewa yenye herufi tatu. Hiyo yenye herufi tatu, SLS, ni sodiamu laurili salfati, huuzwa ikiwa unga au vijiti vyembamba vyeupe, na hupatikana kwa urahisi zaidi. Povu lake ni kubwa, lakini hukomba mafuta ya ngozi kiasi kwamba watafiti wa ngozi huitumia makusudi kuchokoza ngozi wanapotaka kupima mwasho. Isitoshe, huathiriwa zaidi na maji magumu. Ikiwa huna njia ila hiyo, tumia nusu ya kiasi nitakachokitaja kwa SLSA, na usiache kuiambatanisha na betaini.

Betaini ninayoisema ni kokamidopropili betaini, kimiminika cha rangi ya manjano hafifu kinachotokana na mafuta ya nazi, ambacho kwa kawaida huuzwa kikiwa na takriban asilimia 30 ya kemikali yenyewe na iliyobaki ikiwa maji na chumvi kidogo. Ndani ya donge betaini hufanya kazi tatu kwa pamoja: hufunga unga, hulifanya povu lidumu, na hupunguza ukali wa kemikali nyingine ya povu. Usiwe na mkono mzito juu yake, kwani nayo inaleta maji.

Kwa kuwa najua rafu ya mtengenezaji wa sabuni wa nyumbani huwa na nini, acha niitembelee rafu yako kidogo. Salfoniki usiitie, kwa sababu ni asidi kali ambayo itaivamia beking soda kuliko ndimu ilivyofanya. Kostiki soda na soda ashi zisikaribie kabisa bidhaa ambayo mtu ataketi ndani yake kwa dakika 15 akiwa uchi. Formalini, ambayo baadhi ya watu huitia kwenye sabuni ya maji ili isioze, haina kazi hapa, maana donge kavu halihitaji kizuia kuoza, na mvuke wake ni wa hatari kwako wewe mchanganyaji. CDE, yaani kokamaidi DEA inayotokana na mafuta ya nazi, inakuza povu, hilo ni kweli, ila taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani imeiweka katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu, na kwa kuwa betaini inafanya kazi hiyohiyo sioni sababu ya kuibeba. Na kama kuna mtu amekwisha kukushauri usage sabuni ya unga ya kufulia ndani ya mchanganyiko ili povu liongezeke, mshukuru kwa heshima na usimfuate.

Tuje kwenye krimu ya tatari. Inanichekesha kidogo kuona mtu wa Dodoma akihangaika kuitafuta, kwani ni chumvi inayotokana na zabibu. Mvinyo ukitulia na kupoa, chumvi hiyo, ambayo kitaalamu ni potasiamu baitatreti, hujitenga na kuganda kwenye kuta za tangi ikiwa ukoko mgumu wa chembechembe, na krimu ya tatari inayouzwa kwa waokaji hutokana hasa na kusafishwa kwa ukoko huo. Nawe unaishi katika mkoa ambao mashamba yake ya Hombolo, Mpunguzi na Makutupora huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, penye kituo cha utafiti cha TARI Makutupora kinachoshughulika na zao hilo, na penye wasindikaji wadogo wa mvinyo ambao ukoko huo kwao ni uchafu wa kukwangua wakati wa kuosha mapipa.

Inawezekana kuusafisha nyumbani. Krimu ya tatari haiyeyuki vizuri katika maji baridi: lita moja ya maji ya nyuzi 20 hubeba takriban gramu 6 tu, ilhali lita hiyohiyo ikichemka hubeba zaidi ya gramu 50. Basi unachemsha gramu 50 za ukoko uliosagwa katika lita moja ya maji, unachuja yangali ya moto kwa kitambaa kizito kilichokunjwa mara kadhaa ili kuondoa masalia ya hamira na ngozi za zabibu, kisha unayaacha yapoe taratibu mpaka chembe nyeupe zijikusanye chini. Unamwaga maji, unarudia tena ikiwa chembe bado zina wekundu, na unakausha. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu, usitumie ya aluminiamu, kwa sababu chumvi hii yenye asidi huila. Tumia pia maji ya mvua yaliyochujwa au maji ya kunywa ya dukani, kwani kalisi iliyomo katika maji magumu hushikana na chumvi hii ikatengeneza unga mwingine usioyeyuka, nawe ukapoteza sehemu ya mazao yako. Pamoja na hayo yote, shauri langu ni kwamba kazi hii uiache kwanza mpaka uwe na wateja wa kudumu. Kwa majaribio ya mwanzo agiza paketi chache kutoka kwa wauzaji wa vifaa vya waokaji wa keki, au tengeneza bila krimu kabisa, jambo ambalo maelekezo mengi hayakwambii kwamba linawezekana.

Linawezekana kwa sababu ya kazi yenyewe ya krimu ndani ya donge. Kwa kuwa haiyeyuki upesi, hukaa karibu na beking soda bila kuanzisha ugomvi, na wakati huohuo hulikaza donge na kupunguza ualkali wake kidogo. Ukiiondoa, unachopoteza ni ugumu, na ugumu huo unaweza kufidiwa kwa kuongeza konfulawa na udongo mweupe wa kaolini, na kwa kuyapa madonge siku moja zaidi ya kukauka. Kaolini ni madini ambayo Tanzania inayo, katika vilima vya Pugu vilivyo nje kidogo ya Dar es Salaam, lakini ununue ile iliyooshwa na kuandaliwa kwa ajili ya vipodozi. Udongo uliochimbwa tu, au ule wa kutafuna unaouzwa sokoni, haujulikani umebeba nini.

Unga wa ubuyu nauelewa kwa nini umekujia akilini: ni mkavu, ni mchachu, na Dodoma hauna shida. Uchachu wake ni wa kweli, kwani una asidi ya sitriki na ya tatari ndani yake, ila asidi hizo ni sehemu ndogo ya unga wote. Kilichobaki ni sukari, nyuzi na utomvu unaovuta maji, vitu vitakavyolifanya donge linate, likawie kukauka na kuota ukungu, na mgeni akitoka hodhini ataacha nyuma yake mashapo ya kahawia ambayo mfanyakazi wa usafi atakukumbuka nayo. Mafuta ya mbegu za ubuyu, kwa upande mwingine, yanafaa, kwa matone. Magadi siyakubali kwa namna yoyote. Yale ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti za sodiamu pamoja na uchafu wa ardhini, ualkali wake unazidi wa beking soda kwa mbali, na ngozi iliyoloweka humo itatoka imekauka na kuwasha. Yabaki jikoni kwenye makande.

Sasa maji. Maji mengi ya bomba ya jiji hutoka katika visima virefu vya bonde la Makutupora, na maji yaliyokaa ardhini hubeba kalisi na magnesi kutoka kwenye miamba. Ule ukoko mweupe ndani ya birika lako ndio ushahidi. Wanaoumia zaidi na kalisi hiyo ni sabuni za mche, zile zinazotokana na mafuta na kostiki, kwa kuwa hushikana nayo zikawa utando wa kijivu unaoelea na kung'ang'ania beseni. Kemikali za povu ninazokushauri hazifanyi utando huo, ingawa povu lake hupungua kiasi. Usikubali kubahatisha juu ya hili. Chukua chupa mbili za nusu lita, moja itie maji ya bomba mpaka nusu, nyingine maji ya mvua au ya dukani kwa kipimo hichohicho, weka kila moja chembe ya donge yenye ukubwa wa punje ya maharage, yaache yayeyuke, tikisa mara kumi kwa nguvu sawa, kisha usubiri dakika tano. Ikiwa povu la chupa zote mbili ni hafifu, tatizo ni mchanganyiko. Ikiwa moja limesimama na jingine limelala, tatizo ni maji.

Wapo wanaoamini kwamba kuongeza ndimu ya unga hulainisha maji, na hawajakosea kabisa, kwa kuwa sitreti inayozaliwa na ndimu na beking soda hushika kalisi na kuizuia isisumbue. Lakini ipigie hesabu. Tuchukue maji yenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita: beseni la lita 10 litahitaji karibu gramu 6 za ndimu, hodhi la lita 150 litahitaji karibu gramu 87. Donge lenye uzito wa gramu 70 haliwezi kubeba kiasi hicho na bado likabaki kuwa donge. Kama nyumba ile ya wageni ina tangi la kukinga maji ya bati, hilo lina manufaa kuliko ndimu yoyote, na hata kuyachemsha maji hupunguza ugumu wake kwa sehemu, maana kalisi nyingine huganda na kubaki chini ya sufuria.

Hivi ndivyo ningefanya mimi kwa mkupuo mmoja wa madonge 10 hivi. Pima kwa mizani ya jikoni ya kielektroniki, usipime kwa vikombe, kwa sababu SLSA ni nyepesi mno na kikombe chake hakilingani na kikombe cha soda. Chukua gramu 300 za beking soda, na uhakikishe si beking pauda, ambayo tayari imetiwa asidi kiwandani. Gramu 150 za SLSA. Gramu 100 za krimu ya tatari. Na gramu 50 za konfulawa. Ukikosa krimu, badala yake weka gramu 60 za konfulawa ya ziada na gramu 40 za kaolini. Ndimu ya unga isiwemo. Chekecha kila kitu mpaka pasiwe na bonge. Kabla hujafungua mfuko wa SLSA zima feni, funga dirisha, na vaa barakoa inayobana vizuri puani, kwa sababu vumbi lake huchoma koo na kifua, na upepo wa Dodoma wa Julai na Agosti utalisambaza nyumba nzima, pamoja na chumba wanacholala watoto. Acha vumbi litulie kabla ya kuendelea.

Katika bakuli jingine changanya gramu 60 za betaini, gramu 25 za glisirini, gramu 5 za mafuta ya alizeti au ya ubuyu, na gramu 6 za manukato. Mafuta yasizidi hapo. Najua Singida na Dodoma ni nchi ya alizeti na mkono hushawishika, ila mafuta huvunja povu, na naamini yale uliyotia yalichangia kulilaza. Mwaga nusu ya kimiminika katikati ya unga, kanda kwa mikono yenye glavu, kisha ongeza kilichobaki kijiko kimoja kimoja, ukisimama mara tu unga unaposhikana. Unachotafuta ni kitu kinachokaza kama unga wa chapati uliokandwa kwa maji machache: ukikibana kinabaki na alama za vidole, ukikikunja hakimomonyoki, na hakigandi kwenye glavu. Huenda usihitaji kimiminika chote wakati wa mvua, na huenda ukahitaji kuongeza glisirini kijiko cha chai kimoja katika kiangazi. Usiongeze maji kamwe, hata tone moja.

Kijiko cha aiskrimu chenye ulimi wa kusukumia ndicho kinachotoa donge lenye sura nzuri. Kipake mafuta kidogo, chota, kandamiza kwa nguvu kwenye ukingo wa bakuli, kisha achilia donge juu ya karatasi ya kuokea. Donge lisilokandamizwa hukauka likiwa na mianya ndani na huvunjika njiani.

Kukausha ni mahali ambapo hali ya hewa ya kwenu inakusaidia na kukuponza kwa pamoja. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki hewa huwa kavu mno. Mtengenezaji wa Tanga au wa Unguja angekuonea wivu, kwani madonge yake hukaa siku nyingi yakiwa laini. Lakini hewa kavu kupita kiasi hukausha ngozi ya donge kabla ya moyo wake, ngozi ikajikunja, na nyufa zikatokea hata pasipo gesi yoyote. Kwa hiyo yaweke ndani, mbali na jua na dirisha lenye upepo, yafunike kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, ambacho pia kitazuia vumbi, na yageuze baada ya saa saba au nane. Siku mbili zinatosha katika kiangazi. Wakati wa mvua ngoja siku tatu au nne. Donge lililo tayari haliachi alama ukilibonyeza kwa kidole gumba. Lifunge hapohapo katika plastiki isiyopitisha hewa, hasa ukilipeleka Dar es Salaam, ambako unyevunyevu wa pwani utalirudisha katika ulaini.

Kuhusu rangi sina mengi: rangi ya chakula ya unga, kiasi cha ncha ya kisu, ikichanganywa na unga kabla ya kimiminika, inatosha. Rangi za ukili au za nguo hapana. Manukato yana maelezo marefu kidogo, kwa sababu watu huamini kwamba kilicho cha asili hakidhuru. Mafuta ya karafuu na ya mdalasini huchoma na kuamsha mzio, na ya mchaichai nayo yana tabia hiyo ikiwa mengi. Nunua manukato yaliyoandikwa wazi kuwa yanafaa kwa bidhaa za ngozi na ubaki ndani ya zile gramu 6, ambazo ni chini kidogo ya asilimia moja ya mchanganyiko wote. Usiweke maziwa, petali mbichi wala maji ya tunda lolote.

Mwelekeze mwenye nyumba ya wageni jinsi ya kutumia, la sivyo utalaumiwa kwa kosa lisilo lako. Donge likitumbukizwa zima katika hodhi lililokwisha kujaa litazama, litayeyuka na halitatoa povu, kwa kuwa povu ni hewa iliyonaswa, na hewa huingia pale maji yanapoanguka kwa nguvu. Mgeni avunje donge moja vipandevipande chini ya bomba lililofunguliwa wazi, hodhi likiwa bado tupu. Kwa vyumba ambavyo havina hodhi, na kwa hakika ndivyo vingi, tengeneza madonge madogo ya gramu 20. Moja liyeyushwe katika lita moja ya maji ya uvuguvugu ndani ya beseni, lipigwe kwa dodoki mpaka povu lisimame, ndipo maji mengine yamiminwe kutoka juu kwa kata. Hayo madogo yanafaa sana kwa kuloweka miguu, na ningekuwa wewe ningeanza kuyauza hayo kabla ya makubwa, maana beseni lipo katika kila nyumba.

Jambo la mwisho haliepukiki. Maji ya povu, hata yakitengenezwa kwa uangalifu, yanaweza kuwasha ngozi ya sehemu za siri na njia ya mkojo yakikaliwa muda mrefu, na watoto wa kike ndio wanaopatwa zaidi. Nchini Marekani kanuni hulazimisha bidhaa za povu la kuogea kubeba onyo la namna hiyo kwenye lebo, nami nakushauri ufanye vivyo hivyo bila kulazimishwa: andika mahitaji yote, tarehe ya kutengenezwa, muda wa kuoga usiozidi dakika 15, kwamba mtumiaji aache mara aonapo upele au mwasho, na kwamba donge liwekwe mbali na watoto, ambao kwa sura na harufu yake watalidhania kuwa aiskrimu. Kabla ya kumuuzia mtu yeyote, jua pia kwamba usajili wa vipodozi, uliokuwa chini ya TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, mwaka 2019. TBS wana ofisi ya Kanda ya Kati hapohapo Dodoma, na njia nyepesi kwa mjasiriamali mdogo ni kupita kwanza SIDO mkoa, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wakukague mahali unapofanyia kazi na kukupa barua ya utambulisho. Nenda na madonge yaliyofungwa ya mkupuo mmoja, pamoja na karatasi yenye uzito wa kila kitu ulichotia.